Aliyewahi kuona mashua yenye kijiti cha mpingo kwenye fashini, naomba aingie hapa (uzi wa kumkumbuka somo yangu, fundi wa Mikindani)

Mwana Mikindani (mleta uzi)

Wakuu, asalaam aleikum, na habari za asubuhi kwa wote.

Mimi si mtu wa nyuzi ndefu. Miaka yote humu nimekuwa msomaji tu: nachungulia bei ya korosho mnadani, nasoma habari za mpira, natoka. Leo nimekuja na langu.

Nilikuwa na rafiki. Tulikuwa tukiitana somo kwa sababu jina letu ni moja. Tulizaliwa Mikindani wiki moja, nyumba mbili zinazotazamana, na maalim aliyetusomea adhana masikioni alikuwa mmoja, akatupa jina lile lile. Wazee wakaona heri. Jina lenyewe sitaliandika hapa, wafiwa wameniomba hivyo, na mimi nikilitaja la kwake nimeshataja la kwangu. Tangu tumeanza kutamka maneno hakuwahi kuniita kwa jina, wala mimi sikuwahi kumwita. Somo asubuhi, somo jioni. Shuleni mwalimu alitutenga kwa namba, mimi wa Kwanza yeye wa Pili, kwa kufuata majina ya baba zetu kwenye daftari la mahudhurio. Hilo la "Wa Pili" lilimganda, mpaka anaoa kuna watu wanamwita hivyo. Mimi sikulitumia hata siku moja.

Somo alifariki Mei 2024.

Nilikuwa Dar, nimempeleka mama watoto kwenye matibabu. Simu iliingia baada ya sala ya alfajiri. Mnaokumbuka, siku zile kimbunga Hidaya kilikuwa ndiyo kwanza kimepita na mvua ilikuwa imekata barabara huku Kilwa. Nilipanda gari hivyo hivyo, nikasema Mungu atafungua njia. Tukalala Somanga. Magari mbele, magari nyuma, kina mama wanapika uji pembeni ya lami. Nimekaa juu ya ndoo ya abiria mwenzangu, naambiwa ameshaoshwa. Baadaye naambiwa wameshamtoa nyumbani. Kijana mmoja wa pale kwao, Mungu amjalie, akaiacha simu wazi mfukoni mwa kanzu ili na mimi nisindikize. Nikasikia "La ilaha illallah" ya watu wengi, nikasikia miguu, halafu kimya kirefu, halafu chepeo kwenye mchanga. Pale ndipo chaji ilipoisha.

Watu wa umri wangu mnajua. Kabla ya Daraja la Mkapa la mto Rufiji kufunguliwa mwaka 2003, masika ikikolea sisi Kusini tulikuwa kisiwa. Kivuko pale Ndundu, tope kule Nangurukuru, mtu anaondoka Mtwara na sufuria na mkaa kwa kuwa hajui atalala mara ngapi njiani. Somo enzi zile alikuwa kijana mwanagenzi na kazi zilikuwa hazimaliziki, maana mzigo mwingi ulipita majini. Alikuwa akisema, "Somo, barabara ni ya kubahatisha, bahari ina ratiba yake." Lami ilipokamilika nikamwambia haya, umeona? Akanyamaza. Pale Somanga nilikumbuka neno lake, nikalia mbele za watu.

Nilifika wameshaanua tanga.

Sasa nieleze kilichonileta. Somo alikuwa fundi wa vyombo. Si wa boti za faiba, wa mbao: mashua, madau, na majahazi mawili niliyoyaona kwa macho yangu yakishuliwa. Karakana yake haikuwa na ukuta. Ilikuwa makuti manne juu ya nguzo, pwani pale Mikindani, chini kidogo ya lile Boma la Wajerumani la mwaka 1895. Watalii walikuwa wakishuka kutoka bomani kuja kumpiga picha, na mimi leo nazitamani picha zile zilizokwenda Ulaya, maana nyumbani kwake haipo hata moja inayomuonyesha akiwa kazini. Ipo ya harusi na ipo ya kitambulisho. Basi.

Hakuwa na daftari. Kazi ya miaka thelathini na ushee hakuandika popote alimuundia nani, lini, kwa shilingi ngapi. Tumekaa na wanagenzi wake wawili tukahesabu kwa vidole, tukafika vyombo kumi na tisa, na wote tunajua ni vingi zaidi.

Lakini aliacha alama. Mjomba wake, upande wa mama, alikuwa Mmakonde mchonga vinyago, na somo utotoni alikuwa akiokota vipande vya mpingo chini ya kigoda cha mjomba. Kila chombo alichomaliza alitoboa tundu dogo kwa keekee kwenye fashini ya mbele, kwa ndani, ule mti unaosimama ambapo mbao za kulia na za kushoto zinakutana. Akapigilia kijiti cha mpingo, unene wa kidole cha mwisho, akakikata kiwe sawa na mti. Usipojua huoni. Ni doa jeusi tu. Niliwahi kumuuliza kwa nini asiandike jina kama mafundi wengine. Akasema, "Jina lenyewe letu wawili, nitaliandikaje peke yangu?"

Kwa hiyo naomba. Wavuvi, wachuuzi, mlioko Msimbati, Msangamkuu, Mgao, Sudi, Lindi mjini, Mchinga, Kilwa, mpaka Mafia. Ukipita karibu na mashua ya mbao inama uangalie mbele kwa ndani. Ukiona doa jeusi, niambie iko wapi, inaitwaje, na inafanya kazi gani.

---

Binti Newala

Pole sana kaka. Mimi wa bara, sisi kule juu tunajua kudai maji ya bomba na kupulizia mikorosho salfa, mambo ya mashua siyajui hata chembe. Ila hapo kwenye simu mfukoni mwa kanzu nimeshindwa kuendelea kusoma, nimerudi baada ya nusu saa. Mungu amlaze pema.

---

Mjukuu wa Kivinje

Innalillahi wainna ilayhi rajiuun. Mkuu, babu yangu alikuwa na dau lililoundwa na fundi kutoka Mtwara, nakumbuka walisema "yule wa Pili". Sikujua maana yake mpaka leo. Babu alifariki, dau wamelirithi ami zangu. Nampigia mmoja jioni akitoka baharini.

---

Kuchele Daima

Mkuu pole. Naweka kambi hapa. Samahani kwa swali la kitoto, mimi nimekulia Chuno lakini pwani ni kwenda kununua pweza tu. Hivi mashua ya mbao inazuiaje maji? Si mbao zimeungwa, kuna nafasi katikati?

---

Mwana Mikindani

Ahsanteni wote. Mjukuu wa Kivinje, umenifanya nisimame. Nasubiri habari za ami yako.

Kuchele, swali lako si la kitoto, na umegusa palepale nilipokuwa nikipenda kukaa. Kuziba nafasi hizo ndiko kukalafati. Unachukua pamba, unaisokota juu ya paja iwe kama kamba nyembamba, unaitia mafuta ya nazi, halafu unaishindilia kwenye kiungo cha ubao kwa ubao kwa patasi butu na nyundo ya mti. Kidogo kidogo, shibri kwa shibri, chombo kizima. Somo alikuwa akifanya kazi hiyo kwa sikio. Nyundo ikipiga pamba ambayo haijajaa, sauti ni nzito, inamezwa. Ikijaa, mlio unakuwa mkavu, unarudi mkononi. Akishuku mahali alilaza shavu kwenye ubao, anafumba macho, mwanagenzi anapiga upande wa pili. "Hapa bado." Mimi nilikuwa nasikia sawa tu, kote. Yule mwanagenzi naye alikuwa anasikia sawa. Pamba inaongezwa, anapigisha tena, anatikisa kichwa kukubali.

Hiyo patasi ninayo. Mpini wake umebonyea upande mmoja kwa kidole gumba chake.

Baada ya pamba, mbao zinapakwa sifa, mafuta ya papa. Harufu yake anayeijua anaijua. Shati la somo la kazi lilikuwa haliingizwi ndani, linatundikwa kwenye mwarobaini nje, na shemeji alikuwa akisema akilikosa mtini anajua mumewe hayupo Mikindani. Halafu chini kabisa, panapokaa majini, ni deheni: chokaa inakandwa na shahamu mpaka inakuwa kama donge la ugali, inapakwa kwa kiganja. Mdudu wa baharini anayekula mbao haipendi. Ndiyo maana mnaona mashua za zamani zina tumbo jeupe.

Mbao alizikuta mbambakofi na mvule zikipatikana, miaka ya karibuni akaishia kwenye mwembe, kwa kuwa miti mikubwa imekwisha na vibali ni shida. Mwembe hauna maisha marefu na alikuwa anaumia nao. Anamwambia mteja kabisa: hii haifiki umri wa ile ya baba yako. Wateja wengine wakenda faiba. Hakuwalaumu.

Niwape moja ya kimbunga Kenneth. Aprili 2019, mnakumbuka tulivyotangaziwa tuliokaa mabondeni na kandokando ya bahari tuhame. Mimi nikapanda bodaboda kumfuata, nimtoe nimpeleke kwa ndugu zangu juu. Namkuta pwani peke yake, mvua imeanza, anajaza mchanga kwenye mashua za watu kwa karai. Tano zilikuwa pale kwa matengenezo, hata moja si yake, na wenyewe wameshakimbia. Akaniambia upepo haunyanyui chombo kilichoshiba. Nikavua viatu. Tulijaza mchanga mpaka giza, tukazifunga minazini. Kilichokuja kwetu kikawa mvua na upepo wa kuvumilika, kimbunga chenyewe kikaingia Msumbiji. Watu wakashangilia. Yeye hakushangilia, ana ndugu wa mama ng'ambo ya Ruvuma. Asubuhi yake akarudi pwani kutoa mchanga aliouweka, karai kwa karai.

---

Pwani Siombi Radhi

Nimeona moja! Si utani. Msangamkuu, mashua ya kuvulia kwa jarife (wavu mkubwa), inaitwa Tumaini. Nimemwambia mwenyewe naomba niingie, akadhani nimerukwa na akili. Doa jeusi lipo, upande wa kushoto kidogo wa fashini. Mwenyewe anasema aliinunua mkono wa pili, fundi hamjui, anachojua haijawahi kumtia hasara.

---

Mjukuu wa Kivinje

Ami amerudi. Lipo. Anasema miaka yote alidhani ni fundo la mti. Amekaa nalo usiku huu anapapasa kwa kidole. Ananiambia nikuulize, mleta uzi: je, fundi alidaiwa? Kama babu hakumaliza kumlipa wao watalipa.

---

Nahodha Mstaafu

Wanangu, nimeingia humu kwa kushikwa mkono na mjukuu, yeye anaandika mimi nasema. Nilimjua fundi huyo. Alinitengenezea mkuku uliopasuka, ule mti mkuu wa chini ya chombo, bandari ya Lindi, upande wa Kitunda, tukiwa tumekwama siku tisa. Usiku alilala ngamani, chini kabisa, akasema anataka kusikia maji yanaingilia wapi. Wahenga walisema kwenda tezi na omo, marejeo ni ngamani. Mimi nimekwenda tezi, nimekwenda omo, miaka hamsini. Mtu niliyemkuta ameanzia ngamani ni yeye. Mleta uzi, na wewe ndiye yule mwalimu? Alikutaja. Alikutaja sana.

---

Mwana Mikindani

Shikamoo Mzee wangu. Ndiyo, mimi ndiye yule mwalimu.

Mjukuu, mwambie ami hakudaiwa, na kama alidaiwa alishasamehe, namjua. Awe radhi.

Mzee, neno lako "alikutaja sana" limenikosesha usingizi, kwa hiyo naandika sasa hivi, saa nane usiku, kitu ambacho nilikuwa nakizunguka tangu mwanzo wa uzi.

Kila chombo kina kijiti kimoja. Kimoja tu kina viwili.

Tulikuwa na mashua ya shirika, mimi na yeye. Mimi nilitoa fedha ya korosho za shamba la baba kule Nanyamba, yeye akatoa mbao na mikono. Ilimchukua mwaka mzima kwa kuwa alikuwa akiifanya baada ya kazi za watu. Siku ya kuimaliza aliniita, akanipa nyundo. Kijiti cha kwanza akapigilia yeye, cha pili akanipa nipigilie mimi. Changu kikaingia kimeinama. Nikataka tukitoe, akakataa. Tukaiita Jina Moja. Vijana wakaenda nayo baharini, mgao ukawa unakuja, si mwingi lakini unakuja.

Msimu wa korosho wa 2018/2019 mnaujua, sihitaji kusimulia. Malipo yalichelewa. Binti yangu alikuwa amepata nafasi chuoni na siku zinahesabika. Somo alikuwa Kilwa kwenye kazi ya mwezi mzima. Karatasi za mashua zilikuwa kwa jina langu, na angalia, jina langu ni jina lake. Akatokea mtu na fedha taslimu. Niliuza. Sikumpigia simu. Nilijiambia mtandao unasumbua kule, na ni uongo, ulikuwa unapatikana.

Alirudi akapita pwani kabla ya kufika kwake, kama kawaida yake. Akaona mahali pake patupu. Mimi nilikuwa nimekaa barazani nimejipangia maneno, nimeyarudia toka asubuhi. Akaja, akakaa, akaniuliza, "Mtoto kaenda chuo?" Nikasema kaenda. Akasema, "Alhamdulillahi." Nikamtolea bahasha ya sehemu yake. Akaitia mfukoni bila kuhesabu, akauliza chai iko wapi.

Ndiyo ikawa imekwisha. Hakuigusia tena miaka mitano. Ile siku ya Kenneth niliyowasimulia, nilikuwa najaza mchanga kwenye mashua za watu kwa bidii ile kwa kuwa yetu haikuwepo pale, na niliiuza mimi. Na yeye alijua ninachokifikiria, akanipa karai kubwa zaidi.

Nilikuwa nataka kumwomba radhi vizuri. Si kwa kupita, nikae naye, niseme nilikosea. Nikasema Ramadhani. Nikasema nikistaafu. Nikasema nikitoka Dar.

Kwa hiyo wakuu, nazifurahia zote mnazoziona, kila moja naiandika kwenye daftari, lakini ninayoitafuta ni ile. Mnunuzi alisema ni mtu wa Lindi. Jina lazima ameshalibadili. Vijiti viwili, cha kulia kimeinama.

---

Binti Newala

Kaka Mwalimu. Mdogo wako nakuambia tu kwamba mtu aliyekasirika hahoji chai iko wapi. Lakini nimeelewa kwa nini hilo halikutoshi.

---

Kuchele Daima

Mkuu, jana nimeshuka feri nikakagua mashua saba, nimeambiwa mimi mpelelezi wa uvuvi wa baruti. Hakuna. Narudi Jumamosi.

---

Dagaa wa Sudi

Mwalimu, mimi nanunua dagaa hapa Sudi, napeleka Masasi. Uzi huu nimetumiwa na mteja. Ipo moja huku inaitwa Subira, imepakwa rangi ya bluu. Nimeingia leo maji yakiwa yamekupwa. Viwili. Nimekwangua kwa ukucha, vyeusi kabisa. Kimoja kimelala kama mtu anayeegemea ukuta.

Mwenyewe ni mzee. Nilipomuuliza habari za fundi aliniuliza swali moja: "Kwani mzima?" Sikujibu. Nimeona si mahali pangu. Njoo.

---

Mwana Mikindani

Nakwenda kesho, insha'Allah.

---

Kuchele Daima

Siku ya nne hii. Mwalimu, uko salama?

---

Mwana Mikindani

Niko salama, niko Sudi bado. Naomba radhi kwa ukimya.

Nilifika adhuhuri. Dagaa wa Sudi alinipokea barabara kuu kwa pikipiki, Mungu ambariki. Mzee mwenyewe nilimkuta anafuma jarife chini ya mkungu. Nikampa shikamoo, nikakaa chini, nikamwambia habari nisiyotaka kuisema. Aliacha sindano. Akakaa muda mrefu anatazama bahari, akasema, "Nilijua. Fundi hakosi."

Sikumwelewa. Akanieleza.

Mwaka ule ule niliouza, kusi ilipoanza kulegea, mtu alishuka pale kijijini na kikapu cha pamba na sanduku la mbao. Akauliza mashua iliyotoka Mikindani iko wapi. Akaiendea, akaikagua, akamwambia mzee anataka kuikalafati. Mzee akasema sina fedha. Akajibu sijauliza fedha. Akafanya kazi siku mbili, akalala kwenye baraza ya mzee, akala pweza wa nazi, akaondoka. Mwaka uliofuata akaja tena. Na uliofuata. Wakati ule ule, upepo ule ule. Mwaka wa tatu mzee akamkalisha akamwambia sasa nitakataa, mpaka uniambie kwa nini. Akasema, "Humu mna haki ya somo yangu. Aliiuza kwa shida, siku akija kuitafuta aikute."

Wakuu, mimi nilijua anakwenda Lindi kila mwaka mwezi wa tisa. Aliniaga kila mara. Nilidhani ni kazi.

Mara ya mwisho alikuja 2023. Mwaka jana mzee akamngoja. Mwaka huu akamngoja. Hana namba ya simu, fundi hakumwachia, na fundi mwingine hakutaka imguse.

Tulisoma Fatiha hapo hapo chini ya mkungu. Halafu akanishika mkono kama ninavyomshika mtoto wa darasa la kwanza, akanipeleka kwenye mashua. Njiani akaniuliza jina langu. Nikamwambia. Akasimama. "Kumbe ndiye wewe, somo?"

Tangu Mei ile hakuna mtu aliyekuwa ameniita hivyo.

Subira inavuja. Miaka miwili bila kukalafatiwa si mchezo. Nimeingia ngamani na kopo, nimekomba maji mpaka mgongo umekataa. Kijiti changu kipo, kimeinama vile vile. Mzee anasema siku ya kwanza alimwambia fundi kile cha kulia kimekaa vibaya akinyooshe, na fundi akasema hicho kisiguswe.

Sikununua mashua. Nilimwambia mzee nimekuja na akiba kidogo, akaniambia haki haiuzwi mara mbili, niache niendelee kuvulia na wewe uje na pamba. Basi ndivyo tulivyopatana. Mwanagenzi mkubwa wa somo amekubali kuja bamvua ya wiki ijayo, tuikokote juu maji yakijaa. Shemeji nilimpigia jana usiku nikamsimulia yote. Alikuwa hajui na yeye. Alinyamaza, nikadhani simu imekatika, halafu akaniuliza ni mafuta kiasi gani, maana nazi anazo na anaanza kukuna asubuhi.

Leo nimetoa pamba ya zamani kwenye kiungo kimoja, karibu na mlingoti, nijifunze. Imetoka ndefu, kama shibri tatu, imekauka nje lakini ndani bado ina mafuta yake. Ndiyo aliyoishindilia 2023. Nimeikunja kwenye leso, nimeiweka kwenye sanduku, kando ya patasi.

Dagaa wa Sudi anaomba mwenye pamba safi ya kukalafatia huko Mtwara mjini amwambie bei ya kilo.